Wali Huu Si Bokoboko: Jinsi ya Kula kwenye Mgahawa Mpya wa Kijapani Hapa Moshi

Mgahawa mpya ukifunguliwa Moshi, wiki ya kwanza mji mzima unahamia huko. Watu wanapiga picha, wanaonja onja, kisha wanarudi kijiweni kutoa hukumu. Huu wa Kijapani umeshapata ya kwake. Nimemsikia bodaboda mmoja pale mnara wa saa akiwaambia wenzake kwamba ndani wanauza samaki ambaye hajaguswa na moto, tena kwa bei ya mguu wa mbuzi. Hakudanganya, ila alisema nusu. Vyakula vingi vya Kijapani vimechemshwa, vimekaangwa au vimechomwa kama vyetu, na mgeni anatakiwa aanzie huko.

Mimi nimeshaenda mara nne. Mara ya kwanza niliagiza nisichokijua nikatoka na njaa. Mara ya tatu nilimpeleka shangazi yangu, mkulima wa mpunga kule Chekereni, naye akanifundisha kuliko nilivyomfundisha. Namwandikia mtu ambaye hajawahi kushika vijiti vya kulia, na ambaye hela yake ina kazi nyingine nyumbani.

Hatua ya 1: Usiwahi sana

Jiko jipya halijazoeana na watu wake. Wapishi bado wanatafutana, mhudumu bado anasoma menyu pamoja na wewe, na nusu ya vilivyoandikwa "leo havipo". Wape wiki mbili tatu. Ukienda, chagua kati ya Jumanne na Alhamisi, tena mchana. Ijumaa usiku utakula kelele.

Piga simu kwanza, uliza mambo mawili. La kwanza, kama wana seti ya mchana, yaani sinia moja lenye wali, supu, achari na kitoweo. Seti ndiyo inayoshibisha kwa hela ndogo, na ndiyo sikuijua siku ya kwanza. La pili, kama bei za menyu zimeshajumlisha VAT. Kiwango cha kawaida ni asilimia 18, kwa hiyo sahani iliyoandikwa 25,000 inaweza kukufikia mezani kwa 29,500. Mkiwa wanne, hiyo tofauti ni nauli ya kurudi nyumbani na chenji ya maziwa.

Hatua ya 2: Ijue menyu kwa ndugu zake

Majina yanatisha kuliko chakula chenyewe. Mimi nayakumbuka kwa kuyalinganisha na vya kwetu.

Yakitori ni mishkaki ya kuku, basi. Gyoza ni vifuko vya unga vyenye nyama ya kusaga na kabichi. Vinakaangwa upande mmoja kisha vinamaliziwa kwa mvuke, na mtu wa sambusa hapotei hapo. Edamame ni soya changa iliyochemshwa na maganda yake na kunyunyiziwa chumvi: unaminya punje kwa meno, ganda unaliacha. Kuna mtu wa meza ya jirani alitafuna na maganda yote hadi sahani ikaisha, na hakuna aliyemwambia, hata mimi.

Tambi ziko za aina tatu kubwa. Udoni ni nene na laini, soba ni nyembamba za kahawia, na rameni ni za ngano kwenye supu nzito iliyochemka kwa saa nyingi. Usizifananishe na za pakiti unazompikia mtoto wa shule, ingawa hizo za pakiti nazo zilianzia Japani, mwaka 1958, kwa mtu aliyeitwa Momofuku Ando.

Donburi ni bakuli la wali lenye kitoweo juu yake. Likiwa na kuku na yai kwa pamoja linaitwa oyakodoni, maana yake "mzazi na mwana". Nilipomweleza shangazi alinyamaza kidogo, akasema hawa watu hawana huruma, kisha akaagiza hilo hilo.

Tempura ni kamba au vipande vya mboga vilivyochovywa kwenye rojo jepesi la unga wa ngano na kukaangwa. Ukila bajia, umeshamjua binamu yake. Upishi huo Wajapani waliupata kwa Wareno waliofika kwao mwaka 1543. Wareno hao hao walikuwa wameshapita pwani yetu tangu 1498, na sisi wakatuachia neno "meza". Kwa hiyo tempura ikiwekwa mezani, Mreno yupo kotekote.

Halafu kuna maneno mawili ambayo lazima uyatenganishe kwa macho makavu: tonkatsu na tonkotsu. Herufi moja tu imebadilika. Ya kwanza ni kipande cha nyama kilichoviringishwa kwenye chenga za mkate na kukaangwa. Ya pili ni supu ya mifupa iliyochemka mpaka ikawa nyeupe kama maziwa, wanayoiwekea rameni. "Ton" kwenye yote mawili ni nguruwe. Kama kiti moto si chakula chako, tafuta palipoandikwa katsu ya kuku.

Hatua ya 3: Sema usichokula kabla hujakaa vizuri

Hapa usione haya. Nguruwe na pombe kwenye chakula cha Kijapani havionekani kwa macho. Gyoza za asili huwekwa nguruwe. Mirini, kile kiungo kitamu kinachofanya mchuzi wa teriyaki ung'ae, ni pombe ya mchele. Sake, pombe nyingine ya mchele, nayo inatiwa kwenye michuzi mingi. Muislamu asitosheke na jibu la "hakuna nguruwe". Aulize swali zima: "Dada, kwenye huu mchuzi kuna mirini au sake? Na mafuta mnayokaangia kuku, ndiyo mnayokaangia nguruwe?" Mhudumu asipojua, mwombe amuulize mpishi. Akijibu haraka sana bila kwenda jikoni, mimi ningeagiza kitu kingine.

Ndugu zetu Wasabato, na Upareni kote kule mnajuana, waangalie kamba, ngisi, pweza, na mkunga ambaye menyu inamwita unagi. Asiyekula nyama kabisa naye asidanganywe na supu ya miso (rojo la soya iliyochachushwa) kwa sababu ina mboga na tofu, ile jibini ya soya. Msingi wake ni dashi, maji yaliyolowekewa mwani na samaki mkavu aliyeparuzwa.

Mwenye mzio wa ngano ajue kwamba soya sosi ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano. Na mwenye presha: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, na bakuli moja la rameni ukilinywa na supu yote linaweza kumaliza kiasi hicho peke yake. Kula tambi, bakiza supu. Hata kwao si dhambi kuibakiza.

Hatua ya 4: Anza na wali

Ningepewa nafasi ya kukupimia mgahawa wa Kijapani kwa kitu kimoja, nisingeagiza sushi, vile vitonge vya wali na samaki. Ningeagiza wali mtupu na supu ya miso. Jiko linaloharibu hivyo viwili halina haki ya kukuletea samaki mbichi.

Siku ile na shangazi, kijana wa kuhudumu alimwamkia vizuri, "Shikamoo mama," akamletea kitambaa cha moto cha kupangusia mikono, kisha mabakuli yakafuata. Wali ulikuwa mweupe, unang'aa, umeshikana. Shangazi akaugusa kwa uma kama anagusa kidonda.

"Mwanangu, huu wali umezidi maji."

"Shangazi, ndivyo ulivyo."

"Ndivyo ulivyo? Hawa si ndio waliotufundisha kupanda kwa mstari? Leo wanatupikia bokoboko?"

Ana haki ya kusema. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, kule chini Mabogini na Chekereni, ulijengwa miaka ya 1980 kwa fedha na wataalamu wa Japani. Chuo cha kilimo kilichopo Chekereni nacho kimekaa miaka mingi kikishirikiana na Wajapani kufundisha kilimo cha mpunga: kitalu, kusawazisha jaruba, kupandikiza kwa kamba. Shangazi alishika hiyo kamba akiwa na mtoto mgongoni. Kwake Mjapani ni mtu wa tope hadi magotini. Sushi ndiyo habari mpya.

Ila wali haukuzidi maji. Mchele una wanga wa aina mbili, na kila mbegu ina kipimo chake. Mchele wetu mrefu, uwe wa Kyela au wa Lower Moshi, una nyingi ya ile aina iitwayo amilosi, ndiyo maana unachambuka punje punje na tunausifia kwa hilo. Mchele wa Kijapani ni mfupi, wa duara, amilosi yake ni chache, kwa hiyo ukipikwa sawasawa unashikana. Lazima ushikane, maana unaliwa kwa vijiti. Hebu jaribu kuchota pilau kwa vijiti.

Shangazi hakutosheka na maelezo. Akachukua punje mbili kwa vidole, akaziminya, akazisogeza karibu na macho. "Haijapasuka," akasema. "Bokoboko punje hupasuka."

Hicho ndicho kipimo, na sijakisikia kokote kwingine. Punje ishikane na mwenzake lakini ibaki nzima, uione mwanzo na mwisho wake. Ukikuta imepasuka na kuwa ugali, hapo mpishi kakosea kweli. Wakikupa mchele wetu mrefu kwenye donburi pia ujue. Si kosa la jinai, lakini usilipie kama mchele uliovuka bahari.

Kosa ambalo shangazi alilifanya, na wengi wetu tutalifanya, ni kumwaga soya sosi juu ya wali. Sisi wali bila mchuzi ni adhabu. Wenzetu wali huwa mtupu makusudi: unauma kitoweo chenye chumvi, unafuatishia wali. Ukiumwagia soya sosi unapata chumvi tupu, na punje zinaachana, vijiti havina tena cha kushika.

Hatua ya 5: Vijiti, mikono, bakuli

Kijiti cha chini hakichezi. Kilaze kwenye bonde la dole gumba, kiegemee kidole cha pete. Cha juu kishike kama kalamu, kwa dole gumba, cha shahada na cha kati. Hicho ndicho kinachofungua na kufunga. Fanya mazoezi nyumbani na penseli mbili na punje za mahindi. Ukishindwa, omba uma. Hakuna atakayekucheka isipokuwa uliokuja nao.

Miiko ni miwili tu ya kukariri. Usichomeke vijiti wima kwenye wali, na usimpokeze mtu kipande kutoka vijiti vyako kwenda vijiti vyake. Vyote viwili vinahusu msiba: bakuli la wali lenye vijiti vilivyosimama huwekewa marehemu, na baada ya kuchoma maiti ndugu huokota mifupa na kupokezana kwa vijiti. Ukitaka kumwonjesha mwenzako, weka kwenye sahani yake.

Sushi unaruhusiwa kuila kwa mkono, na hapa sisi tumeshinda kabla ya mechi. Ile ya tonge la wali na kipande cha samaki juu ilienea Edo, mji unaoitwa Tokyo leo, mwanzoni mwa karne ya 19, ikiuzwa kwenye vibanda vya barabarani kwa watu wenye haraka. Kilikuwa chakula cha kibandani kama chipsi mayai. Nawa mikono, kamata, kula.

Supu ya miso haina kijiko. Inua bakuli kwa mikono miwili unywe kama uji. Tambi zivute kwa sauti. Hewa inazipoza na harufu inapanda. Mama yangu angenichapa, lakini mama hakuwepo.

Hatua ya 6: Samaki mbichi

Sasa tuzungumze hili, maana ndilo linalowapeleka watu na ndilo linalowarudisha wakiwa wamekasirika.

Moshi haina bahari. Tanga, iliyo karibu, ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara. Kwa hiyo samaki mbichi unayemla hapa ama amegandishwa, ama amesafiri kwenye barafu, ama amekuja kwa ndege akiwa samoni wa nje. Watu wakisikia "amegandishwa" wanakunja uso, wakati hiyo ndiyo habari njema. Minyoo ya samaki hufa kwa baridi kali: nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, au nyuzi 35 chini ya sifuri kwa saa 15. Friji ya nyumbani yenye chupa za maji na nyama ya Krismasi haifiki hapo kwa uhakika. Usijaribu kwako.

Uliza: "Jodari wenu anakuja siku gani, na mnamgandisha kwa muda gani?" Swali hilo halina ukorofi. Mpishi anayejua kazi yake analifurahia. Uliza pia umeme ukikatika wanafanyaje, kwa sababu umeme wetu tunaujua. Kama jenereta haipo au hakuna anayejua ilipo, kula gyoza.

Halafu tumia pua na macho. Samaki mbichi mzuri hanuki samaki. Ananukia bahari kwa mbali au hanukii kitu. Kipande kiwe kimekaza, kinang'aa, hakina maji yanayotiririka. Jodari akikuwasha ulimi kama pilipili wakati hajawekewa pilipili, tema, acha sahani. Jodari aliyekaa kwenye joto hutengeneza histamini. Uso unawaka, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, na hata angepikwa sumu hiyo haitoki. Hali ikiwa nzito, hospitali, si maji ya ndimu.

Samaki wa maji baridi asiliwe mbichi kabisa. Perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu, sato na sangara wa Ziwa Victoria, wote hao ni wa moto. Samaki wa mito na maziwa hubeba minyoo wanaompenda binadamu. Ukiona menyu imeandika "sashimi ya sato", yaani vipande vya sato mbichi bila wali, kwa ubunifu wa mpishi, mpongeze ubunifu uondoke. Na mjamzito, mtoto mdogo, mzee, au mtu mwenye kinga dhaifu, hawa sushi yao iwe ya tango, parachichi, yai au kamba aliyechemshwa. Ipo, na ni tamu.

Mimi nilisubiri hadi mara ya nne. Wali ulikuwa mzuri mara tatu mfululizo, miso ilikuwa ya moto mara tatu, choo kilikuwa kisafi mara tatu (ndiyo, choo nacho ni sehemu ya jiko). Ndipo nikaagiza vipande sita vya sushi ya jodari.

Hatua ya 7: Vile vitu vitatu pembeni

Soya sosi: mimina kidogo kwenye kisahani, geuza tonge uchovye upande wa samaki. Ukichovya wali, unasambaratika.

Tangawizi ya siki, ile ya waridi: inaliwa katikati ya kipande na kipande, kusafisha kinywa. Haiwekwi juu.

Wasabi, kile kidonge cha kijani: mara nyingi si mmea wenyewe bali ni mchanganyiko wa mzizi mwingine mkali, haradali na rangi, kwa sababu wa kweli ni ghali hata Japani. Ukali wake haufanani na pilipili kichaa. Pilipili inakaa ulimini na kukutesa. Wasabi inapanda puani, inakutoa chozi, inapotea ndani ya dakika. Anza na kiasi cha kichwa cha kiberiti. Kikikuzidi, vuta hewa kwa mdomo utoe kwa pua, usikimbilie soda.

Hatua ya 8: Bili na kufungasha

Omba risiti ya EFD, ni haki yako na ni wajibu wao. Wengi wanapokea lipa namba. Hakikisha jina linalotokea kwenye simu ndilo la biashara. Japani hawapokei bakshishi, lakini wanaokuhudumia hapa ni vijana wa Rau na Majengo. Ukiridhika, acha chochote.

Kufungasha kuna masharti. Gyoza, katsu na yakitori beba, utapasha. Tempura italainika lakini haidhuru. Rameni omba supu na tambi vifungwe mbalimbali. Sushi ya samaki mbichi usibebe kwenye jua la Moshi la saa nane, na usiiweke kwenye friji ukidhani utaila kesho: samaki anachoka na wali unakuwa mgumu kama mchanga wa jaruba lililokauka. Iliyobaki, imalizie hapo hapo au mgawie uliyekuja naye.

Shangazi hakubakiza. Alipomaliza mzazi na mwana wake alimwita yule kijana. "Baba, hebu kaniulizie kwa mpishi, huu mchele wanautoa wapi?"

Kijana akaenda, akarudi: unakuja kwa mfuko, kutoka Dar.

"Nimeuliza mchele kwa sababu ndio nauona," shangazi akasema. "Ninachotaka ni mpunga wake. Mwambie kama ana hata kikombe kimoja chenye maganda, mimi nina jaruba."